Injini ikianza kuwa tamu kupita jana, rudisha mkono

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Asanteni kwa kuja na jua lote hili. Kabla sijaongea sana naomba hii pistoni izunguke, kila mtu aishike aigeuze, aanze mzee wangu hapo mbele, ukimaliza mpe jirani. Msiogope kuchafuka, nimeshaiosha. Angalieni ule upande uliokua unatazama ekzosti, mnaona ile mikwaruzo mirefu kama imepigwa msasa? Alafu muangalie ringi ya juu, imenasa kwenye nafasi yake haitoki, alumini imeyeyuka ikaifunika. Hiyo ni pistoni ya milimita 66, ya pikipiki ya Yamaha DT175, na ilikua yangu, na niliiua mimi mwenyewe kwa mkono huu wa kulia.

Nawasimulia ilivyokua maana ndio nilichokuja kusema leo.

Pikipiki nilikua nimeifanyia kazi miezi. Nilichimba matundu ya silinda, tundu la ekzosti nikalipandisha juu kidogo, nikafunga ekzosti ya tumbo, kabureta ya kiwandani nikatoa nikaweka Mikuni VM28, boksi la eyaklina nikatupa nikavalisha filta ya sponji iliyo wazi. Hapa hapa Arusha nikaitafutia jeti, ile skrubu ndogo ya shaba yenye tundu linalopima petroli ndani ya kabureta, namba ikipanda petroli inaongezeka, mpaka nikaipata, jeti kubwa namba 150, ikawa inavuta vizuri, plagi inatoka na rangi nzuri, haikohoi. Nikasema sasa iko tayari, nikafunga begi nikaanza safari ya Tanga. Moshi nikapita vizuri. Same vizuri. Kufika Mombo nikaanza kuona kitu kimoja ambacho wakati ule nilikifurahia sana: pikipiki inazidi kuwa tamu. Yani ule uzito mdogo inaokuaga nao mwanzo wa kuvuta haupo tena, ukigusa inaruka, sauti imekua kali safi, nikasema hewa ya chini imeipenda. Korogwe hiyo, Segera nikakata kushoto, nikafungua mafuta yote kwenye ile barabara iliyonyooka. Kati ya Hale na Muheza, mkonge kulia mkonge kushoto, spidi ikapungua yenyewe kidogo kama mtu amekanyaga breki taratibu, mimi badala ya kurudisha mkono nikaongeza, sekunde mbili tatu tairi la nyuma likafunga. Nikawahi klachi, Mungu akasaidia hakukua na lori nyuma yangu.

Ule utamu ndio ulikua ugonjwa wenyewe. Injini ya stroku mbili, hii inayowaka kila kranki ikizunguka mara moja, ikianza kufa kwa njaa ya petroli haikwambii kwa kukohoa, inakwambia kwa kuwa nzuri.

Ngoja tuelewane maneno. Mimi nikisema injini ina njaa namaanisha hewa ni nyingi petroli ni kidogo. Nikisema imevimbiwa namaanisha petroli imezidi. Iliyovimbiwa mtaijua tu, inatoa moshi, inakatakata sauti brr brr brr kama stroku nne, plagi inalowa, inakua mvivu, inakukera, ila haifi. Yenye njaa inakua nyepesi, kali, inapenda kukimbia, alafu inaua pistoni. Ndio maana mafundi wengi wa hizi injini wanateleza: masikio yetu yanatuvuta upande wa njaa, kwa sababu njia nzima mpaka ukingoni kila hatua inaonekana ni maendeleo.

Kwanini inakufa? Kwa injini hizi petroli haifanyi kazi moja. Inaungua, hiyo moja. Inapoza, maana ikigeuka mvuke inachukua joto la pistoni na la kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapopita. Na kama unachanganya oili kwenye tenki basi ndio inayobeba oili kwenda kwenye beringi na kwenye ukuta wa silinda. Kwahiyo ukipunguza petroli umepunguza vitu vitatu kwa mpigo mmoja, joto linapanda wakati ulainishaji unashuka. Pistoni ni alumini, ukuta wa silinda ya DT ni chuma, na alumini ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Ile nafasi ndogo iliyokua katikati inaisha, ndio unapata hiyo mikwaruzo mnayoshika hapo. Upande wa ekzosti unaanza kwanza kwa sababu ndio wenye moto zaidi.

Sasa kilichobadilika kati ya Arusha na Hale ni nini? Jeti ilikua ile ile, petroli nilijaza Arusha na Korogwe. Kilichobadilika ni hewa. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hapa hewa ni nyembamba, uzito wake ni kama asilimia 87 ya hewa ya pwani. Unaposhuka kila pumzi ya injini inabeba hewa nzito zaidi. Kabureta inajitahidi, inaongeza petroli kidogo, maana hewa nzito inanyonya kwa nguvu zaidi, lakini haifikishi. Hesabu yake iko hivi: upungufu unaoubakiza ni kipeuo cha pili cha ile tofauti ya uzito wa hewa. Chukua 0.87, tafuta kipeuo chake cha pili, yani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaleta 0.87, unapata kama 0.93. Maana yake jeti ya Arusha inatakiwa iwe kama asilimia 93 ya jeti ya Tanga. Mimi nilikua na 150, gawanya kwa 0.93, unapata 161. Kwahiyo Tanga nilitakiwa kuingia na 160, na kwa safari ya kufungua mafuta yote vile, 165 ya kuanzia. Joto la pwani linarudisha kidogo maana hewa ya moto ni nyepesi, ila kimo kinashinda. Hatua mbili tatu za jeti, kitu kinachoingia mfukoni kwenye kiberiti, ndio ilikua tofauti ya kufika na kulala Muheza.

Ukipanda ni kinyume. Mtu wa Dar au wa Tanga akija huku na jeti yake ya pwani injini inavimbiwa, inakua nzito, inamwaga moshi, anakasirika ila anarudi nyumbani na pistoni yake. Anayeshuka ndio wa kumuonea huruma. Mkinikuta barabarani naelekea pwani nimesimama Mombo nimefungua kabureta msiulize kama nimeharibikiwa, hapo ndio nabadilisha.

Sasa tuje kwenye injini uliyoibadilisha, maana ya kiwandani ina kitabu chake, ukiirudisha kwenye namba za kitabu imepona. Ukishachimba matundu na kubadilisha ekzosti kile kitabu hakikuhusu tena. Kila kitu ulichogusa kinadai petroli kivyake. Filta ya wazi inapunguza kizuizi cha hewa, mvuto kwenye koo la kabureta unapungua, petroli inanyonywa kidogo, njaa. Kabureta kubwa zaidi hivyo hivyo, hewa inapita taratibu kwenye koo pana, inanyonya kwa unyonge hasa resi za chini. Ekzosti ya tumbo ndio yenyewe kabisa, ile haifanyi injini inywe zaidi muda wote, inafanya hivyo kwenye resi zake tu.

Hapa niwape kidogo historia maana naipenda. Ile ekzosti yenye tumbo mnayoona vijana wanachomelea kwa bati, aliyeifanya iwe sayansi ni injinia wa Ujerumani Mashariki anaitwa Walter Kaaden, kwenye kiwanda cha pikipiki cha MZ pale Zschopau, miaka ya 1950. Yeye alielewa kwamba mlio unaotoka kwenye tundu la ekzosti ni wimbi la mgandamizo, na ukilipa umbo sahihi la bomba, kwanza linavuta mchanganyiko mpya utoke kwenye chumba cha kranki upande juu, alafu linarudi na kuusukuma ule uliomwagika nje urudi ndani kabla tundu halijafungwa. Mwaka 1961 injini yake ndogo ya 125cc ilikua inatoa nguvu farasi 25, yani 200 kwa lita, bila msaada wa kitu kingine chochote cha kusukuma hewa. Mwaka huo huo dereva wao Ernst Degner akatoroka kwenye mashindano ya Sweden, akaenda kwa Suzuki na ule ujuzi wote, na 1962 akachukua ubingwa wa dunia wa 50cc akiwa nao. Kwahiyo bati ulilochomelea wewe hapo mtaani Unga Ltd lina ukoo mrefu, liheshimu.

Lakini ule ukoo una mzigo wake. Wimbi linasaidia kwenye resi zake tu. Chini ya hapo linarudi wakati mbaya, linapinga, na mara nyingine linarudisha hewa mpaka kwenye koo la kabureta. Sasa fikiria hewa ile ile inapita juu ya jeti ikiingia, inasukumwa nyuma inapita tena, alafu inaingia tena, mara tatu, na kila ikipita inabeba petroli. Injini inavimbiwa pale katikati kabla haijafika kwenye resi za ekzosti. Ukiwa hujui hilo utapunguza jeti kubwa, utashusha sindano ya kabureta, utafanya kila kitu ili ule ukohozi wa katikati uishe, na ukifanikiwa kuumaliza kabisa umeshaitia njaa huku juu. Sio kila kukohoa kunatibika na jeti. Ukohozi mwingine ni wa umbo la ekzosti yenyewe, unaishi nao, unaruka kwa gia.

Basi kabla hujagusa jeti hata moja hakikisha injini haivuti hewa pembeni. Hii nimeshaona inapoteza watu wiki nzima. Sili ya kranki upande wa sumaku imechoka, ile mpira ya kati ya kabureta na silinda imepasuka kwa ndani, gasketi ya chini ina ufa. Hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta, na wewe unaongeza jeti unaongeza jeti, leo inakubali kesho inakataa. Dalili yake ukipiga resi ukaachia inachelewa kushuka, inabaki juu inalia, au sailensa, yani ule mzunguko wa injini ukiwa hujagusa mafuta, inapanda yenyewe ikipata moto. Mwenye uwezo azibe ekzosti na koo, apulize hewa ndani kidogo tu, kama 0.4 ya bar, na pampu ndogo yenye geji, aone kama inakaa dakika sita. Isipokaa paka maji ya sabuni utaona povu. Alafu angalia petroli inafika: kifuniko cha tenki kinapumua? koki iko safi? floti, lile boya la kabureta, iko kwenye kimo chake? Nilishawahi kumkuta kijana amefika jeti 190 kumbe tundu la kifuniko cha tenki limezibwa na vumbi.

Sasa chukua tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Bandika moja kwenye mpini wa mafuta, nyingine kwenye nyumba yake isiyozunguka. Weka alama ya kufungwa kabisa, robo, nusu, robo tatu, na kufunguliwa yote. Hii tepu ya bei rahisi ndio kifaa muhimu kuliko vyote mezani hapa, kwa sababu jeti hazijui spidi yako na hazijui resi, zinajua mkono wako umefungua kiasi gani. Mtu anakuja ananiambia fundi inakohoa kwenye themanini. Themanini na mkono ukiwa wapi? Unaweza kwenda themanini mkono ukiwa robo kwenye tambarare, na themanini hiyo hiyo mkono ukiwa wote unapanda mlima na mzigo. Ni sehemu mbili tofauti kabisa za kabureta. Kufungwa mpaka moja ya nane hivi ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Moja ya nane mpaka robo ni ule mkato wa slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka. Robo mpaka robo tatu ni sindano na kitundu inamoingia. Robo tatu kwenda juu ni jeti kubwa. Zinaingiliana pembeni, hazina mpaka wa ukuta, ila ndio hivyo.

Mimi naanza na kubwa. Najua wengine wanaanza chini na sina ugomvi nao, ila kubwa ndio inayoua, kwahiyo nataka iwe salama kwanza ndio nichezee mengine. Na naanza na shibe, nafunga jeti kubwa kupita ninavyodhani inahitaji, mpaka mkono wote ukiwa umefunguliwa isipande kabisa, inakatakata tu. Alafu nashuka hatua moja moja. Jeti zile za kichwa cha nati za Mikuni zinapanda tano tano, 150, 155, 160. Barabara ndefu yenye usalama, injini imepata moto vizuri, gia ya tatu au ya nne, mafuta yote. Ikikatakata, shusha. Ikianza kupanda safi mpaka mwisho bila kukatakata, simama hapo, rudi hatua moja juu kama pikipiki ni ya safari. Kipimo kingine nakitumia sana: ukiwa umefungua yote rudisha mkono kidogo sana. Ikivuta zaidi ulivyorudisha, ina njaa, umeipunguzia hewa ndio ikafurahi. Choki pia inasema, ukigusa choki kidogo ikapata nguvu, njaa.

Plagi nayo isomwe kwa akili. Vitabu vya zamani vinasema rangi ya kahawia kama biskuti ndio sawa, lakini vile viliandikwa wakati petroli ina risasi, na petroli ya risasi ilishaondoka huku kwetu tangu mwanzoni mwa 2006. Petroli ya sasa haipaki rangi haraka hivyo. Plagi mpya, mbio ndefu ya mafuta yote, alafu zima injini na vuta klachi hapo hapo bila kuiacha inguruma, toa plagi, angalia chini kabisa kwenye mzizi wa ile kaure, kuna pete ya moshi. Ncha isikudanganye. Na chukua tochi umulike kwenye tundu la plagi uone kichwa cha pistoni: pembeni pale mchanganyiko unapoingilia panatakiwa pawe na mabaka yaliyooshwa, masafi. Hakuna mabaka, kichwa chote kimekauka kaboni, ongeza jeti. Na kama umeongeza mgandamizo, weka plagi ya hatua moja baridi zaidi, yani inayotoa joto haraka. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, B9ES ni baridi kuliko B8ES, watu wanageuza hili mara nyingi.

Jeti ndogo ni rahisi sitakaa sana. Injini ya moto, zungusha skrubu ya hewa taratibu mpaka sailensa ipande ifike juu kabisa, alafu rudisha sailensa kwa skrubu yake. Ikiwa umepata utamu kati ya mzunguko mmoja na miwili tangu kufungwa, jeti ni sahihi. Ukipita miwili na nusu jeti ndogo ni kubwa sana, ukiwa hujafika hata mmoja ni ndogo mno. Ila nyie mnaotoka kwenye bodaboda nisikilizeni hapa. Skrubu iliyo upande wa eyaklina inapima hewa, ukiifungua unaongeza hewa, unaipa njaa. Skrubu iliyo upande wa injini inapima mafuta, ukiifungua unaongeza petroli. Mkono uliozoea moja ukija kwenye nyingine unafanya kinyume kabisa ukidhani unatibu. Angalia iko wapi kwanza.

Sindano sasa. Hapa ndio maisha yako yote yalipo maana nani anaendesha mafuta yote siku nzima? Barabarani mkono unakaa robo mpaka nusu, unakaa hapo masaa. Sindano ina mikato mitano juu, klipu inakaa kwenye mmoja. Ukishusha klipu sindano inapanda, tundu linafunguka zaidi, petroli inaongezeka. Anza na wa katikati. Dalili ya njaa hapa: uko mwendo wa kawaida, unasikia mlio mdogo mkavu kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, au pikipiki inayumbayumba mbele nyuma yenyewe bila kugusa, kama inatafuta kitu. Klipu chini mkato mmoja. Dalili ya kuvimbiwa inanguruma chini chini haichangamki, klipu juu. Kama umefika mkato wa mwisho na bado, usilazimishe, badilisha kile kitundu cha shaba. Kwa Mikuni vinaandikwa herufi na namba, P-0, P-2, P-4, kila namba moja ni 0.005 ya milimita. Na hicho kitundu kinalika, sindano inagongagonga humo miaka inakifanya yai. Kabureta ya zamani inayokunywa sana katikati na jeti ni sawa, tatizo ni hicho, wala usihangaike kwingine.

Niseme jambo linaloniuma. Tuache kutoboa jeti kwa waya. Najua tumefundishwa hivyo, jeti imeziba unatafuta waya wa breki unachokonoa. Jeti yenye tundu la milimita 1.00 ukiipanua ikawa 1.05, ile tofauti ni ndogo kuliko unene wa unywele, lakini tundu limeongezeka eneo asilimia 10. Umeruka hatua mbili tatu za jeti na namba iliyoandikwa bado ile ile, mtu wa baada yako atasoma 150 ataamini. Na wale wanaojaza risasi ya kuchomelea alafu wanatoboa upya kwa kidrili cha mkono, nawaelewa, jeti hakuna madukani na mteja anasubiri, ila tundu lenye kingo zilizochanika halipitishi petroli sawa na lililonyooka hata kama kipimo ni kimoja. Puliza kwa kompresa. Ikigoma tumia uzi wa mshipi wa kuvulia, nailoni haili shaba. Na namba za kampuni tofauti hazifanani, Mikuni hizi za nati wanaandika kiasi cha petroli kinachopita kwa dakika, Keihin na Dell'Orto wanaandika upana wa tundu kwa mia za milimita. 150 ya huku sio 150 ya kule.

Oili. Kuna imani kwamba ukiogopa injini kujam ongeza oili. Oili ikizidi kwenye tenki, kwenye kila tone linalopita kwenye jeti petroli imepungua, nafasi yake imekaliwa na oili. Umeipa njaa ukidhani unailinda. Chagua kipimo kimoja, mimi natumia moja kwa 32, ni kama mililita 31 kwa lita, pima na bomba la sindano la duka la dawa na sio kwa jicho wala kifuniko cha soda, kisha tafuta jeti kwa kipimo hicho na usikibadilishe. Ukibadilisha oili umebadilisha jeti.

Hali ya hewa hivyo hivyo. Ukipanga jeti mchana wa Januari hapa, alafu ukatoka alfajiri ya Julai na ile baridi, hewa imekua nzito, unahitaji kama hatua moja juu. Ndio maana naandika kwenye daftari: tarehe, saa, mahali, jeti, klipu, mizunguko ya skrubu, plagi ilivyotoka. Badilisha kitu kimoja tu kila safari, ukibadilisha viwili hujui nani kaleta nini.

Swali lako kijana wa kofia nyekundu nimelisikia, anauliza mbona wavuvi wa Tanga na injini zao za boti stroku mbili hawabadilishi jeti miaka yote. Kwa sababu bahari haina mlima. Wanaishi kwenye kimo kimoja maisha yao yote na injini haijachimbwa. Waulize wenye chensoo kule msitu wa Sao Hill, wao wana skrubu ya H, ya petroli ya resi za juu, pembeni ya msumeno na wanaigusa, na wanajua kabisa msumeno unaolia kali sana bila kukata kuni ni msumeno unaoomba kufa, wanafungua H mpaka usikie inakatakata kidogo ikiwa haina mzigo.

Na mama pale ameuliza kuhusu mteremko wa Lushoto kuja Mombo, ni swali zuri sana. Ukishuka na gia mkono umefungwa, kranki inazunguka haraka lakini kabureta inapitisha kidogo sana, na kama oili yako iko kwenye petroli basi na oili ni kidogo hivyo hivyo, kona baada ya kona. Jeti haina la kufanya hapo. Kila baada ya muda vuta klachi upige resi kidogo, ilambe oili, alafu endelea. Mimi natumia breki zaidi kule kuliko gia, na nasimama kuzipoza. Breki ni bei rahisi kuliko silinda.

Haya, pistoni imefika wapi? Ipite na kwa wale waliokaa kwenye matairi, hawajaiona. Hii DT hapa ya huyu mdogo wangu imetoka Dar juzi kwa lori, haijaguswa, na ukiiwasha utasikia inavyokatakata, imevimbiwa, ina 170. Tumeshabandika tepu. Mtu mmoja mwepesi aje aendeshe, wawili wasimame barabarani kuzuia magari, na wewe mwenye daftari andika saa nane na robo, Arusha, mia sabini, klipu mkato wa tatu. Nipe bisibisi bapa, funga koki kwanza, mwaga kile kikombe cha chini kwenye kopo. Sasa nipe 165.